Kabla ya Kulipa Doa Jina

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana madoa mgongoni, na hana la kusema juu yake. Hajui yalianza lini. Hajui kutenganisha maumivu na mwasho. Analia, au amenyamaza tu begani, na kunyamaza huko mara nyingine ndiko kubaya zaidi. Wanaomsemea ni wengine: mama aliyembeba, susu, yaani bibi yake, aliyekuwa akimlea mama akiwa shambani, pengine na jirani aliyewasindikiza. Kila mmoja amekuja na jina lake. Susu anasema ni surua. Jirani anasema ni joto. Mama ameshanunua krimu dukani, kwa hiyo naye ana jina, ingawa halitamki. Katika chumba cha hospitali asiye na jina bado ni yule mwenye koti jeupe, na kukaa kwake bila jina ndiko ufundi ninaotaka kuusifu.

Chumba hicho kiko Ikutha, mji wa soko kusini mwa Kaunti ya Kitui, kwenye barabara inayotoka Kibwezi, inayovuka mto Athi na kuelekea Mutomo hadi Kitui mjini. Ni nchi ya ndengu, mbuzi na jua kali. Mto Tiva, kama mito mingi ya huko, huwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na maji huchotwa kwenye visima vinavyochimbwa humohumo mchangani. Ikutha ina hospitali ya kaunti ndogo, na Mutomo ina hospitali ya misheni ya Our Lady of Lourdes. Madaktari bingwa wa ngozi, hata hivyo, wengi wao wako Nairobi. Kwa hiyo anayeutazama mgongo wa mtoto huyu kwa kawaida ni afisa wa kliniki, mhitimu wa stashahada ya chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, ambaye wananchi humwita daktari bila kusita. Asubuhi hiyohiyo ameshaona kikohozi, mimba na mkono uliovunjika, na foleni nje bado ndefu.

Kazi hii inataka haraka na inataka subira, zote mbili katika dakika zilezile. Fundi mzuri ni yule anayejua ni swali lipi la kukimbilia na lipi la kuketi nalo.

La kukimbilia ni moja. Anachukua kioo kisicho na rangi, glasi ya maji au kile kipande cha kioo cha hadubini, anakibana juu ya doa na kutazama kupitia humo. Doa likififia, wekundu ule ni damu iliyomo ndani ya mishipa midogo iliyotanuka. Ukiikandamiza inasogea kando. Lisipofifia, damu imeshavuja nje ya mshipa na kutuama ndani ya ngozi, na kidole hakiwezi kuiondoa. Mtoto mwenye homa, mlegevu, mwenye madoa yasiyofifia, huenda ana bakteria wa meningokoka kwenye damu, na ugonjwa huo huua kwa kuhesabu saa, si siku. Hapo maswali hukoma. Sindano ya antibiotiki hutangulia, rufaa huandikwa, jina litafuata njiani.

Kwenye ngozi nyeusi, hata kioo kinahitaji mtu anayejua pa kukiweka. Ule wekundu wa vitabuni haupo. Kwa mtoto wa huku Ukambani huja kama hudhurungi iliyokolea, au zambarau, au weusi juu ya weusi, na doa dogo la damu laweza kupotea kabisa mgongoni. Ndiyo maana mtoto anavuliwa nguo zote, nepi na soksi pia, anasogezwa dirishani na kugeuzwa: viganja, nyayo, upande wa ndani wa kope, kaakaa. Mwanga wa jua unaoingia kwa ubavu huonyesha uvimbe mdogo ambao taa ya dari huuficha. Kidole nacho hupita polepole, kwa sababu kuna vipele vinavyosikika kabla ya kuonekana.

Ujuzi huu wa kuisoma ngozi yetu ilibidi ujengwe, kwa maana vitabu vingi vya ngozi duniani vilipigwa picha kwa watu weupe. Mjini Moshi, chini ya Kilimanjaro, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC kimekuwa kikiwafundisha maafisa wa kliniki na wauguzi wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992. Wazo lake lilikuwa wazi: madaktari bingwa hawatatosha kamwe, kwa hiyo afundishwe yule ambaye tayari yuko zahanati. Barbara Leppard, daktari Mwingereza aliyefundisha pale, alitoa mwaka 2002 kitabu cha picha cha magonjwa ya ngozi ya Afrika, ambamo ngozi nyeusi ndiyo kawaida, wala si ukurasa wa nyongeza. Miaka 18 baadaye, huko London, mwanafunzi wa udaktari mzaliwa wa Zimbabwe, Malone Mukwende, alishirikiana na walimu wake kutoa kijitabu cha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi, baada ya kuona kwamba darasani alionyeshwa wekundu tu. Kwamba jambo hilo lilikuwa habari mpya Uingereza mwaka 2020 linaonyesha umbali ambao fundi wa Ikutha alikuwa ameshautembea kwa macho yake mwenyewe.

Kioo kikisharuhusu, mwendo hubadilika, na sasa huanza maswali ya kuketi nayo.

"Mama, nani mwingine nyumbani anajikuna?"

"Hakuna, daktari. Ni huyu tu."

"Usiku je?"

"Usiku hatulali."

Asiyejua angeandika kwamba nyumbani hakuna mwingine mwenye shida. Anayejua anaunyoosha mkono na kuuomba mkono wa mama. Anapanua vidole vyake, anatazama katikati yake, kisha kwenye kifundo. Anatafuta vijistari vyembamba vilivyopinda, njia anazochimba mdudu wa upele chini ya ngozi ili atage mayai. Mama hakudanganya. Mwasho wa upele hauletwi na kuchimba kwenyewe bali na mwili kuwakataa wadudu na uchafu wao, na kwa anayeambukizwa mara ya kwanza huchukua wiki 4 hadi 6 kuanza. Mtu mzima huwa na wadudu 10 hadi 15 tu mwili mzima, kwa hiyo anaweza kuishi nao mwezi mzima asijue lolote. Jibu la mama ni la kweli, lakini si ushahidi. Kuisikia tofauti hiyo bila kumfanya mama aone haya ni nusu ya kazi yote.

Halafu mtoto mchanga ana desturi zake. Kwa mtu mzima upele kwa kawaida hauonekani kichwani wala nyayoni, maana huko haufiki sana. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili hupanda hadi kichwani na kushuka hadi kwenye nyayo. Malengelenge madogo nyayoni mwa mtoto ambaye hata hajaanza kutembea sawasawa ni habari kubwa kwa anayejua kuisoma. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017. Pale ambapo dumu la maji hufuatwa kilomita kadhaa na watoto wanne hulala chini ya blanketi moja, ugonjwa huu haujawahi kusubiri orodha. Dawa yake ni rahisi. Kilicho kigumu ni kuishawishi nyumba nzima ipakwe siku ileile, wasiojikuna pia, na kumweleza mama kwamba mwasho utaendelea wiki mbili au zaidi baada ya wadudu kufa. Asipoambiwa hilo ataamini dawa imeshindwa, na wiki ijayo atanunua nyingine.

Lakini kuna nyumba ambamo kweli ni huyu tu. Mkono wa mama ni safi, ndugu wote wanalala vizuri, na mtoto ana vipele vigumu miguuni na mikononi, vimekaa viwiliviwili na vitatuvitatu, na juu ya kila kimoja kuna nukta ndogo. Hapo swali linatoka ndani ya chumba na kwenda uani.

"Susu, mbuzi wanalala wapi?"

Susu anashangaa, maana amekuja kuulizwa habari za mjukuu, si za mbuzi. Lakini viroboto hawana mpaka kati ya zizi na kitanda. Wanawauma wote nyumbani. Ni mwili wa mtoto huyu mmoja unaowakasirikia, na kila anapoumwa upya, hata alama za zamani huamka na kuwasha. Upele huenea kwa nyumba nzima, na mizio ya kuumwa na wadudu humchagua mmoja. Dawa ya upele ikimwagwa juu ya mtoto wa viroboto itaikausha ngozi yake bure, na dawa ya mizio ikipewa mtoto wa upele itawanyamazishia wadudu kelele huku wakizaana.

Baada ya nani huja wapi na lini. Surua huanza na homa, kikohozi, makamasi na macho mekundu, na siku tatu nne baadaye vipele hutokea nyuma ya masikio na kwenye mpaka wa nywele, kisha hushuka usoni, kifuani, miguuni. Kwa hiyo daktari hufungua kwanza kijitabu cha mama na mtoto, kuona kama chanjo ya miezi 9 na ile ya miezi 18 zimetiwa alama. Halafu hufungua mdomo wa mtoto. Mwaka 1896 daktari wa watoto wa New York, Henry Koplik, alieleza madoa madogo meupe yanayotokea ndani ya shavu, karibu na magego, kama chembe za chumvi zilizonatia kwenye nyama nyekundu. Hutokea kabla ya vipele na hutoweka upesi. Anayeyaona ameijua surua kabla haijajitangaza, na damu ya mtoto hupelekwa maabara ili ithibitishe, kwa maana surua moja si ya mtoto mmoja. Ni ya kijiji kizima. Tetekuwanga hushika njia nyingine. Hujaa zaidi kiwiliwilini, na kwenye kipande cha ngozi cha upana wa kiganja utakuta kipele kipya, lengelenge, na kigaga, vyote kwa pamoja, kwa sababu huja kwa mafungu.

Ukambani umewahi kulipa gharama ya madoa. Mwishoni mwa miaka ya 1890, wakati wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walipokuwa na kituo hapa Ikutha, njaa kubwa iliishika nchi na ndui ikafuata nyuma yake. Kisa cha mwisho duniani cha ndui iliyoambukizwa kwa njia ya asili nacho kilitokea ukanda huu wetu, na kilipita mbele ya watu wa hospitali bila kutambuliwa. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merka, Somalia, alishikwa na homa Oktoba 1977, ikasemwa ni malaria. Vipele vilipotokea ikasemwa ni tetekuwanga, akarudishwa nyumbani. Siku chache kabla yake alikuwa amepanda gari moja na watoto wawili wenye ndui ili kuwaonyesha njia, lakini swali la "ulikuwa na nani?" lilichelewa. Kwa bahati alipona, na hakumwambukiza yeyote. Tarehe 31 Julai 2024, Wizara ya Afya ya Kenya ilipotangaza kisa cha kwanza cha mpox, kilichogunduliwa mpakani Taita Taveta, maswali ya enzi za ndui yalirudi kwenye kila kliniki iliyo karibu na barabara kuu ya Mombasa, Kibwezi ikiwemo: vipele viko kiganjani? Vina umri mmoja? Tezi zimevimba?

Kitui ina historia nyingine inayomfanya fundi wa huku aguse tumbo hata alipoitiwa ngozi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kaunti hii, wakati huo wilaya, ilipigwa na mlipuko mkubwa wa kalazari. R. B. Heisch na watafiti wenzake walifuatilia ugonjwa huo, na utafiti wa miaka iliyofuata ulifika kwenye vichuguu vya mchwa, anamopumzika usubi wa mchangani anayeeneza vimelea vyake. Kalazari ni homa ya wiki nyingi, mwili unaokonda na wengu linalovimba mpaka lipite mbavu. Chembe za kugandisha damu zikipungua, pua hutoka damu na ngozi huanza kuonyesha nukta zisizofifia chini ya kioo. Kwa hiyo nukta hizo zinapotokea kwa mtoto asiye mahututi, mkono hushuka chini ya mbavu za kushoto, na swali la kuketi nalo linakuwa: mtoto analala wapi, na kichuguu kiko umbali gani na mlango?

Kwamba maswali kama hayo yana nguvu, watu wa Makueni na Kitui wanajua kwa uchungu. Mwaka 2004 watu walianza kuja hospitalini macho na ngozi vikiwa vya manjano. Hofu ya kwanza ilikuwa maambukizi ya ini. Waliposhindwa kuyaona maabara, wachunguzi walirudi kwenye swali la jikoni: mlikula nini, na kilihifadhiwa wapi? Jibu lilikuwa mahindi, mengi yakiwa ya shambani kwao, yaliyowekwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu mpaka yakaota kuvu wenye sumu ya aflatoksini. Visa 317 viliandikwa, na watu 125 walikufa. Zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi yaliyopimwa sokoni zilipita kiwango kinachoruhusiwa. Hakuna mashine iliyoanza kugundua hilo; kulianza kuuliza, na maabara ikaja kuthibitisha.

Sehemu ya ufundi huu isiyopigiwa makofi ni kujizuia. Kwenye maduka mengi ya dawa huuzwa krimu zilizochanganya steroidi, dawa ya kuvu na antibiotiki ndani ya tyubu moja, na mama huzinunua kwa sababu nzuri kabisa: siku mbili za kwanza hufanya kazi. Steroidi hutuliza mwasho na kufifisha wekundu. Kama chini yake kulikuwa na mapunye au choa, kuvu hupata pa kustarehe, huenea, na mpaka wake ulio wazi, ule wa duara lenye ukingo ulioinuka, hufutika. Mtoto anapofika hospitalini doa halifanani tena na kitu chochote. Fundi mzuri hapo haongezi krimu ya nne. Anakwangua magamba kidogo kwa wembe butu, anayaweka kwenye kioo na tone la dawa ya potasiamu, na kuyatazama kwenye hadubini kama maabara inayo. Isipokuwapo, anamwambia mama aache kila kitu, arudi Alhamisi. Siku chache bila dawa hurudisha sura ya doa, na sura ndiyo iliyokuwa imepotea.

Na yapo madoa yanayotaka daktari asifanye lolote. Baka la buluu-kijivu juu ya makalio ya mtoto mchanga si jeraha. Ni rangi iliyobaki ndani ya ngozi, na kwa kawaida hufifia miaka inavyokwenda. Asiyeijua huweza kuwashuku wazazi kwamba walimpiga. Mabaka meupe mashavuni mwa mtoto wa miaka mitatu mara nyingi ni ngozi kavu, wala si ukoma. Lakini fundi haamini jicho peke yake. Mtoto akiwa mkubwa kiasi cha kuelewa mchezo, humfumba macho na kumgusa kwa uzi wa pamba: baka la ukoma mara nyingi hukosa hisia, na mtoto hatajua ameguswa. Madoa ya rangi ya kahawa yanahesabiwa. Moja au mawili si kitu. Sita au zaidi, kila moja likizidi milimita 5, ni sababu ya kumtuma Kitui mjini au Nairobi, kwa kuwa huenda ni alama za ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu. Kati ya "usijali" na "nenda mbali" pana hesabu fupi tu, na mtu lazima aijue.

Yapo pia madoa ambayo hayatapata jina kamwe. Virusi vingi hupaka ngozi ya mtoto kwa siku nne tano, kisha huondoka bila kuaga. Mtoto anacheza, ananyonya, madoa yanafifia chini ya kioo, tumbo ni laini, mdomo ni safi. Kumwambia mama aliyelipa bodaboda kutoka mbali kwamba "sijui ni virusi gani, lakini najua si vile vya hatari" kunahitaji ujasiri zaidi kuliko kuandika dawa. Wengi huandika dawa. Fundi huandika nyuma ya kijitabu mambo manne ya kumrudisha mbio: akikataa kunyonya, akilegea, homa ikipanda tena, au madoa yakigeuka rangi na kukataa kufifia. Kisha humfundisha mama kutumia glasi ya nyumbani. Kwa kufanya hivyo amempa mtoto mlinzi wa usiku, saa ambazo hospitali iko mbali.

Ufundi huu una upande wetu pia, sisi tunaobeba watoto. Usimpake mafuta asubuhi ya safari, maana mafuta huficha magamba. Beba tyubu ya krimu uliyotumia, hata kama unaona haya. Kumbuka doa la kwanza lilitokea wapi, na siku gani. Ukiwa na simu, lipige picha likiwa bichi. Uje na yule anayelala na mtoto. Na ukiulizwa habari za mbuzi, za kichuguu na za gunia la mahindi wakati foleni inanung'unika mlangoni, usidhani daktari amepoteza njia. Mjibu yote, kwa sababu hana kipimo kingine kinachofika nyumbani kwako.